Tone la Njano Lina Mwenyewe

Maneno ya mkunga mstaafu kwa akina mama, wazee na wafugaji wa Pongwe, jijini Tanga, katika Wiki ya Unyonyeshaji

Assalaam aleikum warahmatullah. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni. Wanangu, hamjambo. Wajawazito sogeeni kwenye viti vya chini ya mwembe, msione haya. Jua la Agosti si kali, lakini likimkuta mwenye tumbo humchosha haraka.

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 hadi 7 Agosti, huwa tunakutana hivi kuzungumzia titi. Wiki hii inaadhimishwa duniani tangu mwaka 1992, na mimi nimeshasimama mbele yenu mara nyingi kiasi kwamba wengine mnajua nitakachosema kabla sijafungua mdomo: mtoto awekwe titini ndani ya saa moja tangu azaliwe, miezi 6 apate maziwa ya mama peke yake, kisha ale huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 na kuzidi. Hayo yako palepale. Ila leo naomba nianze na chupa hii.

Nimeuziwa juzi kando ya barabara na binti mmoja mwenye adabu zake. Ni chupa ya maji ya nusu lita. Ndani mnaona wenyewe: kitu kizito, cha njano kama kiini cha yai kilichopigwa. Nikiiinamisha, kinang'ang'ania ubavuni mwa chupa na kushuka taratibu. Binti akaniambia, "Bibi, hii ni dang'a ya ng'ombe, maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, imekamuliwa alfajiri. Pakaa usiku, lala nayo. Kupauka kunaisha, magaga yanaisha, ngozi inakuwa kama ya mtoto." Nikamuuliza, na kama ngozi iliyokauka ni ya mtoto mwenyewe? Akajibu bila kusita, "Mama yake ajikamue ile yake ya mwanzo, ampake mwili mzima."

Hapo ndipo nilipotoa pesa. Nilitaka nije nayo hapa tuizungumze pamoja.

Sikumkasirikia yule binti. Kaambiwa na mtu, naye anatafuta riziki. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na nitawaambia sababu.

Mwaka 1981 nilijifungua mwanangu wa kwanza, nyumbani kwetu Muheza, mikononi mwa bibi yangu mzaa mama. Bibi alikuwa mkunga wa jadi, mwanamke wa huruma, mikono yake ilipokea watoto wasio na idadi. Alipolishika titi langu na kuona ile njano alitikisa kichwa. "Haya ni maziwa yaliyolala, mjukuu wangu. Yamekaa humu muda wote wa mimba, yameharibika." Akanikamua mpaka hakikutoka kitu, akaenda kuimwaga kwenye shina la mgomba nyuma ya nyumba. Siku mbili mwanangu alinyweshwa maji ya sukari kwa kijiko. Siku ya nne akaanza kuharisha, macho yakadidimia, utosi ukaingia ndani. Tulimkimbiza hospitali tukiwa tumekata tamaa. Mungu akatuachia, leo ni mtu mzima, ana watoto wake watatu. Lakini mgomba ule siusahau. Nilipokuja kuingia chuo cha uuguzi, siku mwalimu alipoandika ubaoni vitu vilivyomo ndani ya dang'a, nilikaa kwenye dawati natokwa na machozi, wenzangu wakadhani nimeletewa habari ya msiba.

Kwa hiyo nikiona dang'a kwenye chupa ya kupaka, naona shina la mgomba. Zamani tuliimwaga tukisema ni uchafu. Sasa tumejua kuwa ina thamani, tunaisifu mpaka tunaipaka magotini. Na mara zote mbili aliyekosa ni yuleyule, mwenye kinywa kidogo, asiyejua kudai.

Dang'a ni nini basi? Titi huanza kuitengeneza mtoto akiwa bado tumboni. Ndiyo maana wengine wenu mnaona kanga imeshika doa la njano wakati siku za kujifungua bado ziko mbali. Hutoka siku mbili tatu za mwanzo, wengine mpaka nne au tano, kisha maziwa huongezeka na kuanza kuwa meupe. Unjano wake unatokana na karotini, ileile inayoipa karoti na embe bivu rangi yake, na mwili huigeuza kuwa vitamini A. Protini yake ni nyingi kuliko ya maziwa ya baadaye, na sehemu kubwa ya protini hiyo ni kingamwili, askari wa mwili wa kupigana na magonjwa. Mmeona mtu anavyosiriba nyumba ya udongo? Anachukua udongo laini, anaupaka ukutani, anaziba kila ufa ili mdudu asipate pa kupenya. Dang'a hufanya hivyo kwenye utumbo wa mtoto. Utumbo ule haujawahi kupitiwa na chakula. Dang'a inaingia kwanza, inausiriba, ndipo vingine vifuate. Tena inamfungua choo, kile cheusi kinachonata kama lami, na kikitoka mapema, ule umanjano wa macho na ngozi ya mchanga hupungua.

Sasa mafuta. Hapa ndipo wengi hushangaa. Dang'a ya mama ina mafuta machache kuliko maziwa ya huyohuyo mama wiki chache baadaye. Utajiri wake uko kwenye kinga. Na ngozi iliyokauka inalilia kitu gani? Inalilia mafuta ya kuzuia maji yasipotee. Kwa hiyo anayempaka mwanawe dang'a ili alainike amechagua, katika maziwa yote atakayoyatoa, yale yenye mafuta haba kuliko yote.

Halafu tupige hesabu ya jikoni. Kijiko kimoja cha chai ni mililita 5. Siku ya kwanza mtoto akinyonya, anachopata kwa mara moja ni kama kijiko hicho kimoja, pengine kisifike, na kinamtosha, kwa sababu tumbo lake nalo ni dogo. Siku nzima titi linatoa vijiko vichache tu. Chukua sasa mtoto wa kilo tatu, mpake miguu, mikono, mgongo na tumbo. Umetumia vijiko vingapi? Umempaka milo yake ya tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mama wa uzazi wa kwanza akijikamua akaona kimetoka kidogo hivyo na kimeishia mgongoni mwa mtoto, atasema "sina maziwa", na jioni chupa ya maji ya sukari itakuwa imeshaingia ndani.

Bibi zangu, najua mnachotaka kuniambia. Mtaniambia, "Sisi tumepaka, na watoto walipona." Ni kweli walipona, wala sitawabishia macho yenu. Ila tutazame walikuwa na nini.

Mtoto akiwa tumboni anaelea kwenye maji, na ngozi yake inafunikwa na utando mweupe kama siagi. Akitoka nje hewa inamkausha. Siku ya pili au ya tatu ngozi huanza kubambuka: vifundoni kwanza, viganjani, kwenye mikunjo ya mguu, kisha tumboni, vipande vyembamba kama ganda la kitunguu. Aliyepitisha siku tumboni hubambuka zaidi. Mama anaogopa, nyanya anaogopa, jirani anasema mtoto ana ukurutu. Na ni siku hizohizo, ya pili na ya tatu, ambapo titi lina dang'a. Basi anapakwa. Baada ya wiki moja au mbili ngozi yote ya juu imeshatoka, chini kuna ngozi mpya laini, na sifa inakwenda kwa dang'a. Lakini mtoto wa nyumba ya pili, ambaye hakupakwa chochote, naye amelainika siku hiyohiyo. Nimewaona wodini kwa miaka 31, waliopakwa na wasiopakwa.

Mkitaka kuilinda ngozi ya mtoto siku ya kwanza, msikimbilie beseni. Ule utando mweupe ni mafuta aliyopakwa na Muumba kabla hajafika mikononi mwetu. Uacheni umezwe na ngozi yake. Kuoga kungoje saa 24. Mkausheni damu na maji kwa kitambaa safi, mlazeni kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, mfunikeni wote wawili. Akina mama wa zamani mlikuwa mnamsugua kwa dodoki mpaka utando utoke wote mkisema ni uchafu wa tumboni; mlifanya kwa mapenzi, lakini mlikuwa mnamvua shuka lake.

Kuna ubaya mwingine wa kumpaka maziwa. Maziwa yana sukari yake. Yakibaki kwenye mikunjo ya shingo, kwapani, kwenye kinena, yanachacha, fangasi na vijidudu vinapata karamu. Wakati fulani nililetewa mtoto wa siku tisa, mnene, mzuri. Mama yake alikuwa amempaka maziwa na manjano asubuhi na jioni. Nilipoinua kidevu chake nikakuta mkunjo wa shingo umekuwa mwekundu kama nyama, una unyevu, harufu ya mtindi, na pembeni vijipele vyenye usaha. Mtoto alikuwa akilia kila akigeuza kichwa, wao wakadhani ana chango. Siku nyingi tulimtibu yule.

Na tafadhali sana, maziwa ya shoga yako yasipakwe kwenye ngozi ya mwanao iliyochubuka, hata kama mnakula sahani moja. Virusi vya ukimwi vinaweza kuwemo kwenye maziwa, na hali ya mtu huijui kwa kumtazama. Machoni vilevile. Jicho la mchanga likitoa tongo nyingi au usaha linahitaji kuonwa zahanati siku hiyohiyo, kwa sababu kuna maambukizi ya machoni yanayopofua kwa siku chache tu.

Lakini sitakuwa mkweli nikisema tone hilo halina kazi kabisa kwenye ngozi. Lipo pahala pake, nalo ni chuchu ya mama mwenyewe. Mtoto akimaliza kunyonya, kamua matone mawili, yapake kwenye chuchu iliyochubuka, iache wazi ikauke kwa hewa kabla hujavaa. Tumewafundisha akina mama hivyo kwa miaka mingi, na mimi mwenyewe nilifanya hivyo kwa mwanangu wa pili nikaona nafuu. Msiioshe chuchu kwa sabuni kila anaponyonya. Sabuni inaikausha na kuipasua. Na mjue kinachochubua chuchu mara nyingi ni mtoto kushika ncha tu. Mngoje apanue kinywa kama anapiga mwayo, kisha mlete yeye kwenye titi, kidevu kiguse, weusi mwingi wa ziwa uingie mdomoni. Akishika vizuri, maumivu hupungua. Mama anayeishi na virusi vya ukimwi akipata mchubuko wa chuchu asijitibu kwa tone. Aje kliniki mapema, na dawa zake asiziache.

Na wasomi? Wamejaribu pia. Mwaka 2015 watafiti wa Iran waliandika kwamba watoto wachanga wenye ukurutu waliopakwa maziwa ya mama walipata nafuu sawa na waliopakwa krimu ya hidrokotizoni ya asilimia 1. Mwaka huohuo watafiti wa Norwei, kwa utafiti mdogo zaidi, walipaka maziwa ya mama kwenye mabaka ya ukurutu, hawakuona faida. Wote walitumia maziwa ya kawaida, si dang'a, na walikuwa wanatafuta tiba ya ukurutu, ile mnayoiita pumu ya ngozi, si kupauka kwa kawaida. Kwenye dang'a kuna vitu vinavyochochea nyama kukua na kidonda kuziba, hilo si uongo, na siku moja vinaweza kutolewa dawa nzuri. Mimi nasubiri kwa hamu. Ila dawa iliyochujwa na kupimwa ni kitu kimoja, na chupa iliyofunikwa kwa kipande cha nailoni kando ya barabara ni kitu kingine.

Nije kwenye chupa yenyewe sasa, na hapa nazungumza na nyinyi wafugaji. Tangu miradi ya ng'ombe wa maziwa ilipoingia Tanga miaka ya 1980 na watu wakaanza kupata mitamba, wengi hapa mmesomesha watoto kwa maziwa. Mnajua kuwa vituo vya kukusanyia havipokei maziwa ya siku za mwanzo baada ya ng'ombe kuzaa. Sababu mnaijua pia: yakipata moto yanaganda. Chemsha dang'a uone, inakuwa kama mayai ya kuvuruga. Zile kingamwili zenyewe ndizo zinazoganda. Basi mfugaji anajikuta ana ndoo ya kitu kisichouzika, na mtu akija na chupa akasema nitanunua ya kupaka, anaona ni baraka.

Ndama wako ameshashiba? Hilo ndilo swali langu. Mtoto wa binadamu huzaliwa akiwa na kinga kidogo aliyopewa na mama kupitia kondo la nyuma. Ndama hapati hata hiyo. Kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili, kwa hiyo anazaliwa mtupu kabisa. Kinga yake yote iko kwenye kiwele. Ndama wa kilo 30 anahitaji kama lita 3 za dang'a, na azipate ndani ya saa 6 za mwanzo. Kadiri saa zinavyokwenda utumbo wake unajifunga, na baada ya siku moja, hata umnyweshe ndoo nzima, kingamwili hazipenyi tena kuingia kwenye damu. Ndama wanaoharisha na kufa wiki ya pili, mkasema banda lina husuda, wengi wao walikosa dang'a asubuhi ya kwanza. Ikibaki baada ya ndama kushiba, mpeni tena kesho, au mgandishieni kwenye friji kwa ajili ya ndama yatima.

Ya ng'ombe ina mafuta mengi kidogo kuliko maziwa yake ya kawaida, hilo nakiri. Lakini mbichi inaweza kubeba brusela, ule ugonjwa unaotupisha mimba ng'ombe na kumpa binadamu homa za kwenda na kurudi na maumivu ya viungo. Vijidudu hivyo hupenya kwenye mchubuko. Inaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe. Na magaga ni nini kama si mipasuko? Unafungua mlango halafu unamkaribisha mgeni. Tena ngozi iliyochanika, hasa ya mtoto mwenye ukurutu, ikipakwa chakula kila siku inaweza kuufundisha mwili kukichukia chakula hicho. Siku akinywa maziwa anavimba midomo.

Tazameni mikono yangu. Mlipokuwa mnaketi nilijipaka, wa kushoto dang'a ya chupa hii, wa kulia mafuta ya nazi. Sijampaka mtu mwingine, na mkono wangu hauna mchubuko. Mama wa kanga ya bluu, sogea uangalie kwa karibu, uwaambie wenzako. Kushoto kumekuwaje? Kumekauka, kunang'aa kama kumepakwa gundi, na nikikunja ngumi ngozi inavutwa na kuchora mistari midogomidogo. Nzi wamekwishajua. Maji yake yameruka hewani, yameacha protini na sukari juu ya ngozi. Kulia gusa wewe mwenyewe. Bado laini, na mistari ya kiganja imetulia.

Ngozi haikauki kwa kukosa kitu cha ajabu, wanangu. Tabaka la juu la ngozi ni kama ukuta wa matofali. Seli ndizo matofali, na mafuta ya asili ndiyo udongo wa kuyashika. Udongo ukioshwa, matofali yanabaki na nyufa, maji ya ndani yanatoroka. Na nani anauosha? Kwetu Tanga hewa ina unyevu wa bahari, kwa hiyo msiisingizie upepo sana. Ni sabuni ya mche, ile ya kufulia, tunayoogea mwili mzima mara tatu kwa siku na mtoto naye. Ngozi inapenda uchachu kidogo, kipimo chake cha pH kama 5; sabuni za namna hiyo zinafika 9 na 10. Ni visima vyenye maji ya chumvi ambayo hayatoi povu, mtu anaongeza sabuni juu ya sabuni. Ni saruji kwenye mikono ya waume zenu. Ni utomvu wa mkonge kwa wanaofanya kazi mashambani na kwenye korona, mitambo ya kuchakata mkonge. Majimaji yale yana chembe kali kama visindano, mkono unawasha na kubambuka. Ni akina mama wa mwani wanaokaa majini na jua mgongoni. Na ni mikorogo, nasema kwa uchungu. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, lakini bado zinapatikana vichochoroni, zinaikwangua ngozi mpaka inakuwa nyembamba kama karatasi, halafu mtu anatafuta dang'a ya kuitengeneza.

Kinachosaidia kiko jikoni kwenu. Oga kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto, dakika chache. Sabuni ya kuogea iguse kwapa, kinena, miguu na mahali palipochafuka. Kwingine maji yanatosha. Jikaushe kwa kugusagusa na taulo, usijisugue. Kisha kabla ngozi haijakauka kabisa, dakika tatu zisipite, paka mafuta. Hiyo ndiyo siri yote, mafuta juu ya ngozi yenye unyevu, ili maji yafungiwe ndani. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu wala rangi ni mazuri sana na bei yake ni nafuu. Kwa magaga hayana mpinzani, paka usiku, vaa soksi, lala. Mafuta ya alizeti yasiyochanganywa nayo ni mazuri. Kule Dhaka, Bangladesh, watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi machache kuliko wasiopakwa. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2005.

Na mafuta yetu ya nazi. Bibi yangu yuleyule aliyemwaga dang'a ndiye aliyenifundisha kuyapika, na kwa hili namwombea rehema kila siku. Unakuna nazi zilizokomaa, unakamua tui zito kwa kifumbu, unaliacha usiku kucha kwenye bakuli lililofunikwa. Asubuhi malai imeelea juu, ngumu kidogo. Unaiengua, unaiweka kwenye sufuria kwa moto mdogo kabisa wa mkaa. Tui linapokatika usiogope, ndilo tunalolitaka. Koroga polepole. Mwanzo linalialia kwa sababu maji bado yapo. Kelele zikipungua, maji yamekwisha. Utaona vichembe vya kahawia vimezama na juu mafuta yamekuwa maangavu kiasi cha kuona sakafu ya sufuria. Ipua hapohapo, ukichelewa yananuka moshi. Chuja kwa kitambaa safi kikavu. Tone moja la maji likiingia kwenye chupa, yatachacha.

Kwa mchanga, paka kidogo sana baada ya siku za mwanzo, mikunjoni futa yasituame. Kitovu kiacheni kikavu, bila mafuta, bila maziwa, bila majivu. Mzazi mwenyewe kwenye arobaini yake mkandeni kwa mafuta hayohayo, na liwa yenu iliyosuguliwa kwenye msio iendelee, ina harufu nzuri nami naipenda.

Baka lililofifia rangi lisilohisi hata ukiligusa kwa ncha ya unyoya, mduara unaowasha na kupanuka, mwasho unaozidi usiku na nyumba nzima inajikuna, mtoto mchanga mwenye malengelenge ya usaha, homa, au aliyeacha kunyonya: hao wasipakwe kitu, waletwe zahanati.

Yule mama wa uzazi wa kwanza uliyeniuliza pale getini kama dang'a yako ni kidogo mno, njoo ukae hapa karibu yangu na mwanao. Tutamweka titini sasa hivi, nitakuonyesha anavyomeza. Na nyinyi wengine, sufuria ile pale jikoni ina mafuta niliyoyapika na wenzangu tangu alfajiri. Bado ya moto. Yaacheni yapoe kwanza, kisha kila mmoja alete kichupa chake kikavu.